Hozi iliyosahaulika kwenye chumba cha mita: uchambuzi wa kisa cha maji yaliyorejelezwa katika mtaa mpya

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu mtaa mpya wa mjini uliojengwa ukiwa na mitandao miwili ya mabomba. Mmoja ulibeba maji ya kunywa. Wa pili ulibeba majitaka yaliyosafishwa na kurudishwa kwa ajili ya vyoo, bustani na kuosha njia. Majina ya mji, mamlaka ya maji, wakandarasi na wakazi yameondolewa, na majengo yanatajwa kwa herufi tu. Kimeandikwa kwa ajili ya wahandisi, mafundi bomba, wasimamizi wa majengo na maofisa wa afya ambao kesho watakabidhiwa mfumo kama huu.

Usuli

Takriban robo ya maji yanayotumika ndani ya nyumba huishia chooni. Ni maji yaliyovutwa, yakachujwa, yakatiwa dawa na kupimwa mpaka yakafaa kunywewa, kisha yanasukuma uchafu. Miji kadhaa ilishaachana na utaratibu huo. Hong Kong inatumia maji ya bahari kwenye vyoo tangu miaka ya 1950. Mji wa St. Petersburg, Florida, ulifungua mtandao wake wa maji yaliyorejelezwa, hasa kwa kumwagilia bustani, mwaka 1977. Wilaya ya Shinjuku jijini Tokyo ilianza kuyapeleka kwenye vyoo vya majengo marefu mwaka 1984, na Irvine, California, ikafanya hivyo mwaka 1991. Kwa hiyo waliopanga mtaa huu hawakuwa wakibahatisha.

Mtambo wao ulikuwa wa kisasa. Majitaka ya mtaa yaliingia kwenye matangi ya bakteria, yakapita kwenye utando wenye vitundu vidogo kuliko bakteria wengi, yakamulikwa kwa miale ya urujuanimno ili kuua virusi, kisha yakatiwa klorini ili dawa ibaki ndani ya maji mpaka mwisho wa bomba. Mtandao wa pili ulikuwa wa rangi ya zambarau, rangi inayotumika kwa kazi hii Marekani na Australia, na kila koki ilikuwa na kibao cha onyo.

Wasanifu waliweka pia kinga mbili ambazo msomaji azikumbuke. Ya kwanza: mgandamizo kwenye mtandao wa maji ya kunywa uliwekwa juu kuliko wa zambarau, ili hata mabomba yakiunganishwa kimakosa, maji ya kunywa ndiyo yasukume kuelekea upande wa zambarau. Ya pili: kila jengo lilifungwa vali ya kuzuia maji kurudi pale bomba la maji ya kunywa linapoingia kutoka barabarani.

Kipindi cha mpito

Mtambo wa kusafisha majitaka hula majitaka, na mtaa mpya hauna majitaka ya kutosha. Wakazi wa mwanzo walikuwa wachache mno kulisha bakteria wa mtambo, na usafishaji ukawa haujatulia. Mamlaka ikaamua jambo ambalo mitaa mingi ya aina hii huamua: mtandao wa zambarau ukajazwa maji ya kunywa kwa muda, mpaka watu waongezeke. Vyoo vikafanya kazi na mabomba hayakukaa makavu. Hakuna aliyelalamika.

Kipindi hicho kilirefuka kuliko ilivyopangwa, na ndani yake mazoea yakajengeka. Mafundi waliokuja kufanya marekebisho kwa wapangaji wapya walijua kwamba mabomba yote mawili yana maji yaleyale. Bomba la zambarau likiwa karibu zaidi na ukuta unaotakiwa, fundi alichomoa tawi kutoka hapo. Sinki moja la duka likaungwa hivyo. Wakazi kadhaa nao walifunga mpira wa kunawia kando ya choo kutoka kwenye tawi la tangi la choo, maana ndilo lililokuwa karibu. Kila aliyefanya hivyo alikuwa na sababu ya kawaida kabisa, na siku hiyo hakuna aliyedhurika.

Katika Jengo C kulikuwa na jambo jingine. Wakati wa ujenzi, mkandarasi alihitaji kusafisha na kupima bomba la zambarau kabla mtandao wa nje haujafika. Alifunga hozi fupi kwenye chumba cha mita, kutoka bomba la maji ya kunywa hadi la zambarau, ikiwa na vali katikati. Kazi ilipoisha vali ikazungushwa kufungwa, lakini haikufika mwisho. Hozi ikabaki, na baadaye mabomba ya chumba kile yakavikwa sponji ya kuzuia joto. Ukisimama mlangoni huioni.

Mfuatano wa matukio

Watu walipoongezeka na vipimo vya mtambo vikatulia, siku ya kubadilisha ikatangazwa: mtandao wa zambarau ungeanza kubeba maji yaliyorejelezwa. Kabla ya siku hiyo maofisa walipita majengoni kukagua. Waliangalia rangi za mabomba, vibao na mihuri ya mita. Walichovya pia kipimo cha upitishaji umeme kwenye sampuli za koki za jikoni. Majitaka ya nyumbani huongeza chumvi zilizoyeyuka, kwa kawaida kati ya miligramu 150 na 400 kwa lita, na usafishaji wa kawaida hauziondoi. Ndiyo maana maji yaliyorejelezwa hupitisha umeme zaidi ya maji ya kunywa, na kipimo cha mkononi huyatofautisha kwa sekunde chache.

Lakini siku ile mabomba yote mawili yalikuwa bado na maji ya kunywa. Kipimo kilisoma namba moja kila mahali, kama ambavyo kingesoma hata kama kila jikoni la mtaa lingekuwa limeungwa kwenye zambarau. Fomu zikatiwa saini na mabadiliko yakafanyika.

Wiki za mwanzo zilikuwa tulivu. Hata Jengo C lilikuwa salama, kwa sababu mgandamizo wa maji ya kunywa ulikuwa juu na yalipenya kwenye hozi kuelekea upande wa zambarau. Dalili moja ilikuwapo: mita ya zambarau ya Jengo C ilisoma chini kuliko ya majengo pacha yenye wakazi karibu sawa, huku mita yake ya maji ya kunywa ikisoma juu. Idara ya ankara iliona tofauti hiyo. Iliandikwa kwenye orodha ya mita zinazoshukiwa kuharibika, ikasubiri zamu ya kubadilishwa.

Kisha bomba kubwa la maji ya kunywa la barabarani likafungwa usiku kwa matengenezo. Mgandamizo ukashuka mtaa mzima. Vali ya kuzuia maji kurudi ya Jengo C ilifunga ipasavyo, lakini ndani ya jengo wakazi waliendelea kufungua koki, na kila koki iliyofunguliwa ilivuta. Mtandao wa zambarau ulikuwa bado na nguvu yake yote. Maji yakageuza njia kwenye hozi.

Alfajiri matengenezo yalikwisha na mgandamizo ukarudi. Asubuhi mkazi mmoja wa ghorofa ya chini alipiga simu akisema maji ya jikoni yana harufu na ladha asiyoizoea. Fundi wa zamu alifika, akachukua sampuli kwenye koki ya chini karibu na lango la jengo, akapima klorini na upitishaji umeme, akakuta kawaida. Hilo halishangazi: sehemu ile ilikuwa imeshasukumwa maji mapya kwa saa kadhaa. Taarifa ikafungwa kwa maelezo kwamba ni harufu ya dawa baada ya matengenezo.

Jioni ikaja simu ya pili, kutoka ghorofa ya juu ya jengo lilelile. Mkazi alikuwa ametoka kazini, akafungua koki kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Safari hii mpokeaji simu aliona taarifa ya asubuhi kwenye skrini, hakuridhika na jibu lake, akampigia mtaalamu wa ubora wa maji moja kwa moja. Mtaalamu alipofika aliomba koki isifunguliwe tena, akajaza chupa kwa maji ya kwanza kabisa yaliyotoka. Kipimo kilisoma karibu maradufu ya jengo la jirani, na kilikaribia sana namba iliyoandikwa asubuhi hiyo kwenye daftari la mtambo. Hakuhitaji kusubiri maabara.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika ndani ya saa hiyo, na ndio uliokuwa na mabishano makali. Meneja wa uendeshaji alitaka mtandao wa zambarau ujazwe tena maji ya kunywa. Hoja yake ilikuwa na uzito: hatari ingeondoka mara moja na vyoo vya maelfu ya watu visingesimama. Mtaalamu wa ubora alikataa. Alisema maji yakishakuwa ya aina moja kwenye mabomba yote, muungano uliowaleta hapa hautaonekana tena, na hakuna ajuaye iko mingine mingapi. Alitaka zambarau ifungwe kwenye vali za kila kiunga (sehemu ya mtaa) na maji ya kunywa yaachwe na mgandamizo wake kamili.

Hoja yake ilishinda kwa sababu ilifanya kazi mbili kwa pamoja. Bomba la zambarau likiwa halina nguvu, haliwezi kusukuma kitu kuingia upande wa kunywa, kwa hiyo wakazi wanalindwa. Wakati huohuo mtaa mzima unageuka kipimo. Koki ya zambarau inayoendelea kutoa maji baada ya mtandao wake kufungwa inapata maji kutoka upande wa kunywa, kwa hiyo jengo lile lina muungano. Na koki ya jikoni au sinki inayokauka ilikuwa imeungwa kwenye zambarau tangu mwanzo.

Uamuzi wa pili ulihusu nani aambiwe. Ofisi ya mawasiliano ilipendekeza taarifa iende Jengo C peke yake mpaka mambo yathibitike. Ofisa wa afya alisisitiza kila kaya yenye bomba la zambarau iambiwe usiku huohuo, kwa kuwa hakuna jengo lililokuwa limepimwa kwa njia inayoaminika. Tangazo likatoka kwa sentensi fupi: msinywe, msipikie, msipigie mswaki maji ya bomba mpaka jengo lenu lipimwe, maji ya lori yatakuwa mahali fulani kuanzia saa fulani. Halikushauri kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi kilichoyeyuka, na mkazi anayeambiwa achemshe huelewa kwamba tatizo ni dogo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kupima kila jengo, hata yale ambayo hayajalalamika, kwa timu za watu wawili: fundi bomba na mtu wa ubora wa maji, wote wakitia saini. Msimamizi wa jengo alitakiwa awepo. Kufungua milango ya watu ambao hawapo kulichukua muda kuliko kupima kwenyewe.

Matokeo

Hozi ya Jengo C ilipatikana siku iliyofuata. Bomba la zambarau lilikuwa limefungwa nje, lakini matangi ya vyoo ya jengo lile yaliendelea kujaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Timu iliingia chumba cha mita, ikachana sponji, na hozi ikaonekana na vali yake ikiwa wazi nusu. Iliondolewa, na ncha zote mbili zikazibwa kwa vizibo vya chuma badala ya kuachiwa vali. Mabomba ya ndani yakasafishwa kwa klorini na kusukumwa maji mapya kutoka koki ya mbali zaidi kwenda ya karibu.

Hakuna jengo jingine lililokutwa na muungano wa moja kwa moja wa mitandao miwili. Lakini zilipatikana koki zilizokauka ambazo hazikupaswa kukauka: sinki la duka, mipira ya kunawia kando ya vyoo, na koki moja ya bustani isiyo na kibao ambayo watoto walikuwa wakinywea. Kwangu mimi hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Hozi ilitoa maji mabaya usiku mmoja. Koki ile ilikuwa ikiyatoa tangu siku ya mabadiliko.

Sampuli za Jengo C hazikukutwa na E. coli (bakteria anayeashiria kinyesi), na mabaki ya klorini yalikuwamo. Wakazi wachache waliripoti maumivu ya tumbo, na uchunguzi wa afya haukuweza kuyafungamanisha na maji wala kuyatenganisha nayo. Zambarau ilifunguliwa kiunga kwa kiunga, kila kimoja baada ya saini zake kukamilika.

Imani haikurudi kwa kasi hiyo. Wamiliki wa baadhi ya majengo waliomba vyoo vyao vihamishiwe kwenye maji ya kunywa moja kwa moja, wakakubaliwa. Sehemu ya maji ambayo mtambo ulijengwa kuyatoa sasa inamwagwa mtoni ikiwa safi, kwa kukosa wa kuyatumia.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Usafishaji ulifanya kazi, na lazima lisemwe wazi kwa sababu baada ya tukio wengi waliulaumu mtambo. Kanuni za California kwa maji yanayoingia kwenye vyoo vya majengo zinataka wastani wa kati (median) wa jumla ya bakteria wa kolifomu usizidi 2.2 kwa mililita 100 katika siku 7, na ukungu wa maji yaliyopita kwenye utando usizidi 0.2 NTU (kizio cha kupimia ukungu wa maji) kwa sehemu kubwa ya muda. Viwango hivyo vinaonekana vikali mno kwa maji ya chooni. Ukali huo upo kwa ajili ya siku ambayo mtu atayanywa bila kujua. Mtambo wa mtaa huu ungekuwa wa viwango hafifu, taarifa hii ingekuwa na sehemu ya wagonjwa.

Vali ya kuzuia maji kurudi nayo iliweka tukio ndani ya jengo moja. Na mpokeaji simu aliyeunganisha malalamiko mawili alifanya kile ambacho mfumo wa kumbukumbu haukuwa umeundwa kukifanya. Baadaye mfumo ulibadilishwa: malalamiko mawili ya harufu au ladha kutoka jengo moja lenye zambarau yanampigia simu mtaalamu wa ubora bila kupitia kwa mtu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Ukaguzi kabla ya mabadiliko ulipima kitu ambacho hakikuweza kuonekana siku ile. Kipimo cha upitishaji umeme ni chombo kizuri, na ndicho kilichofichua tukio, lakini kinahitaji maji mawili tofauti. Katika kipindi cha mpito kinachobaki ni mgandamizo: funga mtandao mmoja, fungua koki zote, subiri, kisha funga wa pili, rudia. Ni kazi ya kuchosha na wakazi huichukia. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Kinga ya mgandamizo ilitumika kama kinga ya kudumu wakati ni ya siku za kawaida tu. Kila mtandao hupoteza nguvu: bomba hupasuka, pampu hukatika umeme, zimamoto huvuta maji mengi ghafla. Mpango wa matengenezo ya usiku ule haukuwa na mstari unaosema zambarau ishushwe kwanza kabla ya kugusa maji ya kunywa. Sasa upo, na mtu mmoja ana wajibu wa kuuthibitisha kwa redio kabla ya vali kubwa kuzungushwa.

Mita ilisema ukweli na ikatuhumiwa kuharibika. Matumizi ya zambarau yakiwa chini na ya kunywa yakiwa juu katika jengo moja, maana yake ya kwanza iwe muungano. Mita mbovu ije baadaye kwenye orodha.

Sampuli ya asubuhi ilichukuliwa mahali pepesi. Mlalamikaji anapotaja jikoni kwake, chupa ijazwe jikoni kwake, kwa maji ya kwanza, na pia kwenye koki ya mbali kabisa ya jengo. Koki ya karibu na lango inaeleza hali ya barabara.

Halafu kuna kipindi cha mpito chenyewe, ambacho naona ndicho mzizi. Kisa kinachofanana sana na hiki kilitokea Uholanzi mwaka 2001 katika eneo la Leidsche Rijn mjini Utrecht: maji ya daraja la pili (yasiyokusudiwa kunywewa) yaliingia kwenye maji ya kunywa kupitia muungano ulioachwa baada ya kazi za mabomba, watu wakaugua, na mwaka 2003 serikali ikasitisha mifumo mikubwa ya aina hiyo majumbani. Huko pia kilichoanguka ni bomba na usimamizi wake. Katika mtaa wetu, miezi mingi ya maji yaleyale kwenye mabomba mawili iliwafundisha mafundi na wakazi kwamba rangi ya zambarau haina maana, na tangazo la siku moja halikuweza kufuta mafunzo hayo. Kama mpito hauepukiki, zambarau ishughulikiwe tangu siku ya kwanza kana kwamba imebeba maji yaliyorejelezwa: fundi mwenye kibali pekee ndiye aiguse, kila tawi liandikwe, kila kazi ifuatwe na kipimo cha mgandamizo.

Kuhusu mpira wa kunawia kando ya choo, lawama siipeleki kwa wakazi. Popote unapotumika, mtu atauunga kwenye bomba lililo karibu, na mchoro usioweka tawi la maji ya kunywa hapo umeshaamua atauunga wapi. Majengo mapya ya mtaa huu sasa yana tawi hilo. Bustanini, koki za kawaida zimeondolewa na kuwekwa za kubofya zinazohitaji kiungo maalumu, kama kanuni za California zinavyotaka pale ambapo umma unafika.

Kilichobaki wazi

Kanuni hizohizo za California zinadai majengo yenye mabomba mawili yakaguliwe kila mwaka na yapimwe kwa muungano walau kila miaka 4. Mamlaka ya mtaa huu imechukua kipimo hicho na kuongeza kingine: kila nyumba inapouzwa au kufanyiwa ukarabati wa bafu au jiko. Ugomvi uliopo ni wa gharama. Wamiliki wanasema mfumo ni wa mamlaka, mamlaka inasema mabomba ya ndani ni ya mmiliki. Kwa sasa mamlaka inalipia kipimo, na mmiliki analipia marekebisho ya kile kinachopatikana. Makubaliano hayo yanakwisha wakati wa mapitio yajayo ya bei za maji, na majengo ya awamu ya pili yameanza kuchukua wapangaji.